Umefunga ekzosti kubwa, sasa gari inakatika ikichanganya: itazame westigeti

Wenye Subaru Forester na Impreza za turbo wanatuletea sana lalamiko hili: gari inavuta vizuri, ukikanyaga mafuta hadi mwisho inapanda, halafu ghafla inakatika kama imezimwa swichi. Ukiachia mguu, inarudi. Mpaka anafika kwetu, mwenye gari ameshabadilisha plagi, ameshabadilisha pampu ya mafuta, na pengine ameshauziwa koili asizozihitaji. Sisi kwanza tunamuuliza: ekzosti umebadilisha?

Mara nyingi jibu ni ndiyo. Katalisti, kile kichujio cha kusafisha moshi, imetolewa, limefungwa bomba nene lililonyooka hadi nyuma, na mtaa mzima unajua saa anayorudi nyumbani. Hatuna ugomvi na bomba hilo (majirani ndio wenye la kusema), ila ukilifunga umebadilisha hesabu nzima ya turbo, na hilo waliokufungia hawakukwambia.

Turbo inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Tabini, yaani gurudumu la mapezi linalosukumwa na moshi huo, ikizunguka, kompresa iliyo upande wa pili wa shafti inashindilia hewa ndani ya injini, na hewa nyingi ikikutana na mafuta mengi ndiyo hiyo nguvu unayoisikia mgongoni. Injini ikipata nguvu inatoa moshi zaidi, moshi unaizungusha turbo zaidi, na isingekuwapo breki mchezo huo ungekwisha kwa kuvunjika kitu. Breki yake ni westigeti: tundu lenye kifuniko kwenye nyumba ya tabini. Likifunguka, sehemu ya moshi inapita pembeni bila kuigusa tabini. Anayekivuta kifuniko ni aktueta, lile kopo dogo lililo ubavuni mwa turbo. Ndani yake mna kiwambo na springi. Presha ya turbo inaingia kwa mpira mwembamba, inasukuma kiwambo, na springi ikizidiwa kifimbo kinatoka na kifuniko kinafunguka.

Sasa, tundu hilo lilipimwa kiwandani likiwa na ekzosti ya kiwandani, ambayo yenyewe inaubana moshi. Ukiondoa kibano hicho, moshi unapita kwenye tabini kwa nguvu zaidi. Kifuniko kimefunguka chote, aktueta haina la kuongeza, lakini tundu ni dogo, kama ukumbi wa harusi wenye mlango mmoja wakati watu wote wanataka kutoka. Presha inazidi kupanda kadiri mizunguko ya injini inavyopanda. Tuseme ilipangiwa bar 0.8: geji inasoma 0.9, inasoma 1.0, bado inakwenda. Kompyuta ya gari ikiona mpaka umevukwa inakata mafuta. Kwa hiyo ule mkatiko ni gari inajiokoa.

Tatizo hili hupenda kujitokeza usiku na wakati wa kipupwe, kwani hewa ya baridi ni nzito na injini inavuta hewa nyingi zaidi kwa mzunguko ule ule. Mteja akituambia mwezi wa pili gari ilikuwa nzima na mwezi wa saba imeanza kukatika, hatumwoni mwongo.

Wapo wanaoitibu kwa kuidanganya kompyuta: wanachomeka kivalvu kwenye mpira wa sensa ya presha, kompyuta haioni kitu, mafuta hayakatwi tena. Gari inakimbia, mteja anafurahi. Kazi hiyo hatuifanyi hata kwa pesa nyingi. Presha ikipita kiasi mafuta hayatoshi kwa hewa iliyoingia, joto linapanda, injini inagonga, na kwenye EJ20, injini ya Subaru hizi, kinachovunjika ni kingo za pistoni zinazoshika ringi. Kumbuka pia kwamba Subaru za turbo za Japani zilipangwa kwa petroli ya daraja la juu la kwao, isiyopungua oktani 96. Ukikata ulinzi wa injini ya namna hiyo, unaibahatisha.

Tunachofanya sisi ni kulitanua tundu. Turbo inashuka, nyumba ya tabini inatenganishwa na kile kiini chenye shafti, maana chembe moja ya chuma ikibaki humo itakula mapezi. Tunaweka kifuniko mahali pake, tunachora mzunguko wake, ndipo tunajua tuna nafasi kiasi gani. Lazima ubaki ukingo mzima pande zote ambapo kifuniko kitakaa na kuziba. Ukiula wote, westigeti itavuja na turbo itachelewa kuamka. Kisha tunasaga kwa grainda ndogo ya mkono, na hapa ndipo fundi anapojulikana. Kuufanya mduara uwe mkubwa ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuilaza kona iliyo nyuma ya tundu, upande moshi unakotokea, ili moshi ugeuke kwa urahisi badala ya kugonga ukuta na kuendelea na safari yake kwenye tabini. Chuma hicho ni cha kumimina, na kwengine kimekonda, hivyo nyumba tukiikuta na ufa mrefu tunakurudishia kama ilivyo na tunakwambia kwa nini. Mwisho tunaangalia kifuniko kinafunguka kwa pembe gani. Tundu kubwa lenye kifuniko kinachonyanyuka kidogo halina faida.

Aktueta tunaipima kwa pampu ya mkono na geji ikiwa mezani. Turbo ikisharudi kwenye gari, tunatoka barabarani na geji imefungwa tukaangalie presha inasimama au bado inatambaa. Gasketi mpya huagizwa Dar na huja na boti, basi jipe siku kadhaa bila gari.

Vijana wengine wanataka kinyume chake: tukaze nati ya kifimbo ili presha ipande. Kuikaza ni kazi ya dakika chache, na hiyo ndiyo hatari yake. Bila geji na bila kupima mafuta, hatukazi. Na Unguja hii, kutoka mjini hadi Nungwi kama kilomita 60, na njia ya Paje ina matuta ya Jozani ya kuwalinda kima punju, sijui hiyo presha ya ziada utaimalizia wapi.

Gari zinazolala pwani, Jambiani au Nungwi, zina ugonjwa wao. Chumvi inakula kifimbo na pini ya kifuniko. Kikigandia kikiwa kimefunga, presha inapita kiasi hata kwa ekzosti ya kiwandani. Kikigandia wazi, gari inakuwa nzito kama haina turbo. Hapo hakuna cha kutanua, ni kulainisha, kubadilisha pini, au kubadilisha aktueta, na bei yake iko mbali na ile ya kushusha kila kitu.

Wenye Prado, angalieni injini kwanza. 1KZ ina westigeti. Turbo ya 1KD haina: ina mapezi yanayojigeuza, na matatizo yake ni masizi. Usimlipe mtu kutengeneza westigeti isiyokuwapo.

Ukija, njoo asubuhi injini ikiwa ya baridi, ili tukishike kifimbo kwa mkono tuone kama kinacheza. Tuambie nini kilibadilishwa na lini. Na kama ekzosti ya zamani bado unayo uani, ipakie uje nayo. Kuna wateja tumewarudishia hiyo hiyo, wakaondoka na turbo yao bila kuguswa.