Barua kwa wadogo zangu tuliopigana vita ya Kagera, popote mlipo

Habari zenu wadogo zangu. Nawaita wadogo maana kwa umri nimewazidi wote mliobaki, hata wewe uliyekuwa unatudanganya depo, kwenye mafunzo ya jeshi, kwamba umezaliwa kabla ya vita ya Hitler, shemeji alishatuambia ukweli. Mi mzima, magoti ndo yanasumbua, shambani naenda alfajiri narudi kabla jua halijawa kali, na mama watoto anawasalimu wote.

Kilichonifanya niandike ni hii habari ya mwenzetu wa Songea. Amekatwa mguu kwa ajili ya sukari na sisi tumekuja kujua miezi imeshapita, tena kwa bahati tu, mtoto wa mtu kakutana na mtoto wa mtu stendi. Na kipindi chote hicho tulikuwa tunaongea naye! Mimi mwenyewe nilimpigia, salama, salama, watoto hawajambo, hawajambo, mvua huko vipi, zinanyesha, haya bwana, tukakata. Kumbe mtu yuko kitandani wodini ananijibu salama. Jeshini ndo tulivyozoea, mtu hasemi anaumwa mpaka aanguke, na pale Lukaya, Uganda, ilitusaidia maana usiku ule wa roketi za Walibya waliokuja kumsaidia Amin kila mtu angeanza kusema anavyojisikia tungerudi wote mpakani Mutukula (wapo walioanza kurudi, tusidanganyane, na asubuhi yake walirudi kupigana wakapigana vizuri). Lakini ile ilikuwa Machi 1979 jamani. Sasa hivi unamficha nani? Adui gani anasikiliza simu yako ajue sukari imepanda?

Kwahiyo ombi langu la kwanza ni hilo, tukipigiana simu tuambiane mambo yenyewe. Sijasema mtu aanze kulia lia. Sema mkojo unasumbua, sema kijana wa tatu kaacha kazi karudi nyumbani na mke, sema mmegombana kuhusu kiwanja, sema mahindi yameliwa na viwavi. Sema na mazuri pia, maana nayo mnayaficha sijui mnaogopa kuombwa hela. Mjukuu wa mtu amemaliza udaktari na babu yake hajasema neno mpaka nimesikia kanisani!

La pili ndo limenikalia zaidi kichwani. Mnajua yule mwenzetu wa Tabora alivyofariki, binti yake alichukua simu ya baba ili awapigie marafiki zake wa jeshi, akafungua majina, anakuta Bazuka. Anashuka chini anakuta Bazuka Mkubwa. Kuna Sufuria, kuna Mganga, kuna Kichaa wa Masaka, kuna mmoja kaandikwa Mdaiwa. Mtoto kakaa na simu mkononi hajui Bazuka ni mtu mzima wa kumwambia baba amefariki au ni fundi wa pikipiki. Akaogopa, akaiacha. Sisi tukaja kujua arobaini imeshapita, hakuna hata mmoja wetu aliyetupa udongo pale, na tulikuwa naye kuanzia Kyaka mpaka tunaingia Kampala ile Aprili 11. Mi nililia kwa hasira.

Basi leo hii kabla hujalala chukua daftari, la mjukuu hata, andika majina yetu yale ya ukweli, mtu yuko mkoa gani, namba yake, na namba ya mke wake au mtoto wake mkubwa. Umpe mama akaweke anapoweka vyeti. Na humo humo andika namba yako ya jeshi na makaratasi yako ya kustaafu yako wapi, maana wajane wetu wanazungushwa kwa ajili ya karatasi moja tu iliyokuwa chini ya godoro. Na mchukue kijana wako mmoja, yule mwenye akili ya watu, mkalishe umpigie mwenzako mbele yake umwambie huyu ndo mwanangu fulani, siku nikinyamaza huyu ndo atakutafuta. Asipojua sura zetu na sauti zetu ataona sisi ni wazee tu wanaopiga simu kuulizia mzee, atasema hayupo, atakata.

Na mashemeji waongee wenyewe kwa wenyewe. Wakati sisi tuko Uganda na wengine wetu wamesukumwa hadi Arua kule, wao ndo walibaki na watoto wachanga hawajui kama ni wake au wajane. Wana mengi ya kuambiana kuliko sisi na hadithi zetu za bunduki za SMG.

Siku aliyofariki Jenerali Musuguri, Oktoba 2024, mzee wetu na miaka yake 104, simu yangu haikupumzika, kila mmoja anapiga, mmoja analia mwingine anakumbusha alivyokuwa anaongoza Divisheni ya 20, nikasema kumbe simu zenu zinafanya kazi na vocha mnazo. Wiki moja baadaye kimya. Yaani mpaka afe jenerali mwingine?

Haya, safari. Watu mnasafiri siku hizi, mnakwenda harusi, mnakwenda kwa watoto, mnapita kabisa mlangoni kwa mtu hamsemi. Mmoja wenu amelala gesti Korogwe, Korogwe hii hii ninayoishi, nimekuja kuambiwa na mwenye gesti! Ukisafiri sema. Usiogope kwamba utamlazimisha mtu achinje kuku, achinje, kuku ni wa nini. Yule wa Tanga aliyempeleka mjukuu wake Masaka amefanya jambo zuri sana, wamepanda basi wamevuka Mutukula wanagongewa mihuri kama watu wa heshima, babu anaonyesha hapa tulichimba mahandaki, mjukuu anapiga picha anakula matoke na wenyeji wanawakaribisha vizuri tu. Mimi sehemu ile nilipita kwa miguu na mzigo mgongoni, sikumbuki hata kama kulikuwa na miti.

Wewe uliyeko Toronto kwa binti yako, tunajua upweke huo, theluji na wajukuu wanaojibu kwa Kiingereza. Tupigie. Ila ukimaliza chakula chako cha jioni huko, huku ni saa tisa usiku, mama watoto anadhani ni msiba. Piga asubuhi yako ukishakunywa chai.

Julai 25 ijayo, Siku ya Mashujaa, nataka wenye miguu twende Kaboya, pale Muleba walipolala wenzetu. Wengi hamjafika tangu tuwazike. Wa Dar na Morogoro pandeni treni ya umeme mpaka Dodoma, mtatukuta huko tuendelee na basi, na kule Mwanza hakuna tena kusubiri kivuko Busisi, daraja limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 unavuka umekaa kwenye siti yako. Kila mmoja aje na mtoto au mjukuu wa kumshika mkono, nauli yake usiniulize mimi. Asiyeweza kusafiri aniambie sasa, na aseme sababu ya kweli, tutampigia tukiwa pale pale makaburini asikie majina yakisomwa.

Na wewe wa Tarime, shemeji kaniambia unazima simu saa mbili usiku eti unatunza betri. Iwashe.

Kaka yenu,
Korogwe