Samaki mkubwa kuliko wote tunamrudisha majini: soma kabla hujalipia boti

Mzee mmoja wa Kigoma, anayeishi Houston na wanawe, alikuja kuvua na sisi akavuta trauti wa inchi 24. Nilimpima yule samaki mara mbili juu ya ubao, mdomo umefungwa na mkia umebanwa, mzee mwenyewe akiona. Wajukuu wanapiga picha, baba yao anapiga simu Kigoma. Kisha nikalowesha mikono, nikambeba samaki tumboni, nikamwachia. Akapiga mkia mara moja akaenda zake.

Mzee hakupandisha sauti. Alikaa juu ya kasha la barafu, akatazama maji, halafu akaniuliza kwa upole ulionichoma kuliko matusi: "Mwanangu, hela zote hizi nimelipa ili tuje kuwaogesha samaki?"

Kosa lilikuwa langu. Nilimwambia saa ya kuondoka, nikamwambia alete kofia na miwani ya jua, hili sikumwambia. Tangu siku ile nimeona wateja wetu wengi wanakuja na tumaini hilohilo: kadiri samaki anavyokuwa mkubwa, ndivyo sufuria itakavyojaa. Kwenye ghuba za Texas mambo yako kinyume, na ni bora uyajue ukiwa bado nyumbani, hela ingali mfukoni.

Tunavulia Rockport, kama saa tatu kwa gari kutoka Houston. Hatutoki bahari kuu. Tunabaki ndani, nyuma ya kisiwa kirefu cha mchanga kinachozuia mawimbi, kwenye ghuba za Aransas, Copano na Redfish. Sehemu nyingi maji yanafika kiunoni, pengine gotini. Chini kuna majani ya bahari na matuta ya chaza, na kandokando kuna mikoko. Mtu wa pwani akiiona ataitambua mara moja, kwa sababu ni ndugu wa mchu wetu, ila huku ni mifupi kama vichaka. Mimi nimekulia Kigombe, kusini ya Tanga, na siku ya kwanza nilipoona mizizi ile imechomoza kwenye tope kama vidole nilisimamisha injini nikacheka peke yangu.

Samaki tunaowafuata hasa ni wawili. Wa kwanza ni redifishi, mwekundu wa shaba, mwenye doa jeusi karibu na mkia. Wateja humwita changu, lakini si changu. Ni wa ukoo wa samaki wanaonguruma, ndiyo maana jina lake la vitabuni kwa Kiingereza ni la ngoma. Ukimshika mkononi utausikia mngurumo wenyewe. Wa pili ni trauti wa madoadoa. Huyu naye hana undugu na trauti wa mito ya baridi ya Mlima Kenya. Ni wa ukoo uleule wa ngoma, ila mwembamba, mwenye meno mawili marefu mbele na mdomo laini kama karatasi iliyolowa.

Sasa sheria. Kwa Texas, kila mvuvi anaruhusiwa redifishi watatu kwa siku, wenye urefu wa inchi 20 hadi 28. Inchi 20 ni kama dhiraa moja na vidole vitatu. Aliye mfupi kuliko hapo anarudi, na aliye mrefu kuliko 28 anarudi pia, isipokuwa umeamua kumtumia tagi, yaani lebo ya kibali, inayokuja na leseni yako ya maji ya chumvi, ambayo ni ya samaki mmoja tu kwa mwaka mzima wa leseni. Trauti ni watatu pia, wa inchi 15 hadi 20. Zamani walikuwa watano, ikapunguzwa mwaka 2024. Naye ana tagi yake, lakini ni kwa aliyepita inchi 28, na samaki wa namna hiyo mtu anaweza kuvua miaka ishirini asimwone. Kwa hiyo trauti wa mzee wetu, inchi 24, hakuwa na njia yoyote ya halali ya kuingia kwenye barafu. Mimi nahodha ndiye ningepoteza leseni yangu, naye mgeni angepigwa faini yake.

Usichukue sheria kutoka kwa video uliyotumiwa na binamu wa Louisiana. Huko ni jimbo jingine: redifishi wanne, inchi 18 hadi 27, nao walikuwa watano hadi mwaka 2024. Na hata hizi za Texas huwa zinabadilika, basi siku ya safari tunazipitia upya kabla ya kung'oa nanga.

Kwa nini mkubwa arudi? Kwa redifishi sababu yake ni safari ya maisha yake. Hizi ghuba ni kitalu. Anaingia akiwa yai au kibuu kisichoonekana, analetwa na maji yanayojaa kupitia mlango wa bahari, anakulia kwenye majani akila kamba na kaa. Miaka mitatu au minne baadaye, akifika karibu na hizo inchi 28 au 30, anatoka kwenda bahari ya nje kujiunga na wazazi. Huko anaweza kuishi miaka 40 na zaidi, na kila mwisho wa kiangazi makundi hurudi karibu na milango ile kutaga. Yule mkubwa unayemkuta ndani au mlangoni ndiye aliyeponea nyavu, ndege, pomboo na baridi. Jike moja la namna hiyo hutaga mayai kwa mamilioni. Kumla ni kuchinja ng'ombe wa maziwa siku ya kawaida ya wiki. Tena nyama yake ni ngumu na mara nyingi ina minyoo. Hilo nawaambia wale wasiojali mambo ya mayai.

Trauti ni habari nyingine. Yeye hahami, ghuba aliyozaliwa ndiyo atakayofia. Dume ni nadra kufika inchi 20. Maana yake, ukivuta trauti mrefu kuliko hapo, karibu kila mara umeshika jike, tena jike la miaka kadhaa. Jioni za kiangazi madume hukusanyika na kukoroma kuwaita majike, na injini ikizimwa tunawasikia chini ya boti kama vyura.

Na trauti hana ngao dhidi ya baridi. Februari 2021 Texas iligandishwa na baridi iliyokata umeme karibu jimbo zima, wengi wenu mnaikumbuka mlivyolala na makoti. Kwenye maji haya ya kina kifupi samaki hawakuwa na koti. Idara ya wanyama na mbuga ya jimbo ilikadiria kuwa samaki milioni 3.8 walikufa pwani nzima. Wengi walikuwa wadogo wasiovuliwa na mtu, lakini kati ya wale tunaowatafuta kwa ndoana, trauti ndio waliokufa zaidi. Hata mikoko ilikauka ikawa kuni. Kupunguzwa kwa idadi ya trauti wanaoruhusiwa kunatokana na majeraha hayo, na waliookoa ghuba ni majike makubwa yaliyobaki hai. Siku hizi nikimwachia mmoja simfikirii mteja amekasirika kiasi gani. Samahani, lakini ndivyo ilivyo.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya wazungu kupenda samaki kuliko watu. Basi sikilizeni ya huku. Miaka ya 1970 nyavu zilikuwa zimewamaliza redifishi wa Texas hadi wavuvi wa ndoana wa Houston wakaanzisha chama mwaka 1977 kulalamika. Mwaka 1981 jimbo likapiga marufuku kuuza redifishi na trauti wa porini. Wakati huohuo kule New Orleans mpishi Paul Prudhomme alikuwa anawakaanga redifishi kwa pilipili na viungo mpaka waungue juu, na Marekani nzima ikataka sahani hiyo. Meli zikafuata makundi ya wazazi bahari ya nje, zikawazoa kwa nyavu za kuzungushia. Wazazi, si watoto. Serikali kuu ikabidi ifunge uvuvi huo, na mwaka 2007 Rais George W. Bush akatoa amri ya kuwalinda zaidi kwenye maji ya shirikisho. Nyie mnaokumbuka baruti na kokoro nyumbani mnaelewa ninachosema bila mimi kuongeza chumvi.

Redifishi mnayemkuta kwenye mgahawa leo mara nyingi amefugwa kwenye mabwawa. Hata Morisi wanamfuga, na Mayotte nao wamewahi kumfuga. Ndugu zetu wa Mayotte walimla miaka mingi bila kujua kwao ni huku. Kwa hiyo samaki utakaotoka nao kwenye boti yetu ni wa kula na kugawa. Usiwauze kanisani, wala msikitini, wala kwenye grupu la WhatsApp. Ni kosa.

Hesabu ya kikapu basi iko wazi. Watu wanne wenye leseni, siku ikiwa njema sana, ni redifishi 12 na trauti 12. Mimi na msaidizi wangu hatuhesabiwi, hivyo usiniambie "nahodha, tupe na fungu lako". Siku ya kawaida mtapata pungufu. Siku mbaya mtapata wawili na hadithi. Anayetaka kujaza friza kwa hela ileile aende soko la samaki, namwambia bila kinyongo, na nitamwelekeza njia.

Unacholipia kwetu ni asubuhi moja, muda wa kama saa tano hivi, boti bapa isiyozama sana, vifaa, chambo, na mtu wa kukupeleka walipo. Huku kuwapata si mchezo. Kwetu Tanga bahari yenyewe inakwambia: bamvua ikifika maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, unajua samaki ataingia saa ngapi na atatoka wapi. Humu ndani ya ghuba tofauti ya kujaa na kupwa mara nyingi haifiki futi moja. Kinachosukuma maji ni upepo. Masika unavuma kutoka kusini mashariki siku mfululizo, maji yanachafuka upande mmoja na kutulia upande wa pili. Kipupwe inakuja kaskazi, na hii si kaskazi ya kwetu ya joto na majahazi. Ni baridi inayoshuka kwa saa moja tu, inayafagia maji nje ya ghuba, na samaki wote wanaangukia kwenye mifereji. Siku mbili baada ya kaskazi hiyo, jua likirudi, ndiyo siku ninayoipenda kuliko zote.

Asubuhi tulivu tunazima injini tukatafuta mikia. Redifishi akichimbua kaa kwenye majani kichwa kinakuwa chini na mkia unachomoza juu ya maji, unapepea. Hapo nachukua upondo. Nilipoajiriwa mara ya kwanza, bwana mwenye boti alitumia nusu saa kunifundisha kusukuma boti kwa upondo. Nilimwacha anifundishe. Injini hairuhusiwi kulima majani yale. Tangu 2013 kung'oa majani ya bahari kwa pangaboi ni kosa kote Texas, na hata ingeruhusiwa, samaki wangekimbia.

Kwa trauti tunatumia boya lenye shanga. Ukilivuta linapiga "chwapu", kama trauti aliyekamata kamba juu ya maji, na wenzake wanakuja kuona nani anakula. Akishika usimvute kwa hasira ya mshipi wa changu. Mdomo utachanika atakuachia. Vuta taratibu, fimbo juu. Watoto hulijua hili kabla ya baba zao.

Leseni kila mwenye miaka 17 na zaidi anunue yake kabla ya kuja, mtandaoni au dukani. Ya mwaka ya kawaida huisha tarehe 31 Agosti, kwa hiyo anayekuja Septemba aiangalie tena. Bei yetu ni kwa boti, si kwa kichwa, na tunapakia watu wanne tu hata kama leseni ya nahodha inaruhusu sita. Mvua ndogo haituzuii. Upepo ukizidi naahirisha mwenyewe usiku wa kuamkia safari, na malipo yako yanahamia siku utakayochagua.

Wale wa saizi halali nawaparua mimi mwenyewe gatini, ukitaka. Redifishi naomba nimwache na ngozi na magamba upande mmoja. Mweke juu ya mkaa magamba yakiwa chini, usimgeuze kabisa, na juu umpakae tui zito lenye ukwaju, kitunguu saumu na pilipili, kama samaki wa kupaka wa nyumbani. Magamba yanakuwa sahani. Wa inchi 22 ndiye mtamu kuliko wote, na mzee wa Kigoma alikubali jambo hilo alipopiga simu Jumapili ile, ingawa aliongeza kwamba hakuna anayeufikia mgebuka wa ziwani kwao. Amelipia tena Novemba, na mara hii anakuja na rula yake.

Jambo la mwisho ni ndizi. Wavuvi wa huku wanaamini ndizi kwenye boti ni mkosi. Mimi nimetoka kwenye migomba na sina imani hiyo, lakini msaidizi wangu akiona ndizi hanyamazi siku nzima. Ziacheni kwenye gari.