Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025, Kisumu

Ndugu wanachama wa Kisumu Mjini, Ahero na Nyakach,

Naanza na fedha, kwa sababu mwaka huu fedha ndizo zilizoamua mengine yote. Januari 20, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje kwa siku 90, na kufikia Julai 1 USAID, shirika la misaada la Marekani, likaacha rasmi kusimamia misaada hiyo. Februari, Uingereza nayo ilitangaza kupunguza misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Chama chetu hakipokei fedha moja kwa moja kutoka serikali hizo, lakini mashirika yanayotushika mkono hupokea. Mfadhili wetu mkuu ameandika kwamba awamu ya pili ya ufadhili wake inaangaliwa upya, na hatujapata tarehe.

Kuna na suala la shilingi. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika takriban shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huohuo ilikuwa karibu 130, na haijasogea sana tangu hapo. Dola 10,000 zilizokuwa milioni 1.6 zimekuwa milioni 1.3. Mfadhili hakupunguza chochote, ila maturubai na vyandarua pale soko la Kibuye tunanunua kwa shilingi.

Kwa hiyo kamati imepanga bajeti ya 2026 kwa mafungu matatu. La kwanza ni fedha zilizo benki, pamoja na ada zenu. La pili ni zilizotiwa saini ambazo hazijaingia. La tatu ni ahadi na maombi. Kazi ya fungu la tatu haianzi, haiajiri mtu wala haikodishi gari mpaka pesa ionekane kwenye akaunti.

Jambo hili lilituchukua vikao kadhaa. Wenzetu wengine walipendekeza tuhesabu angalau nusu ya ahadi, wakisema bajeti ndogo huwafanya wafadhili watuone wadogo. Nilipinga, na bado napinga. Mama wa Nyakach akiambiwa na mtu wetu kwamba mabati yanakuja, hajengi kwa nyasi wala haombi shemeji zake wamsaidie. Anasubiri. Mvua ikimkuta hivyo, tutakuwa tumemdhuru kuliko kama tusingefika kwake kabisa. Ahadi ni deni, na kijijini anayedaiwa ni sisi, si mfadhili aliye mbali.

Vifaa vya mafuriko vimewekwa vyote fungu la kwanza. Tuliyoyaona Aprili na Mei 2024 yanatosha kutufundisha: mto Nyando ukivunja kingo, barabara za Kano hukatika na bei ya kila kitu hupanda papo hapo. Dawa ya kutibu maji, maturubai na unga vitanunuliwa kabla ya Februari kwisha, hata ikibidi semina zote ziahirishwe.

Ndiyo maana ada yenu ina uzito kuliko kiasi chake. Fedha nyingi za wafadhili huja na masharti. Iliyotolewa kwa vyoo vya shule haiwezi kununua dawa ya maji hata kama watu wanaharisha. Ada haina masharti hayo.

Kuhusu usajili: Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilianza kutumika Mei 14, 2024, na katibu anaendelea na makaratasi. Hesabu zilizokaguliwa mmepewa. Mweka hazina atajibu maswali.

Kamati inaomba mkutano upitishe mambo mawili. Kwanza, sehemu ya kumi ya kila fedha isiyo na masharti iwekwe akiba hadi itoshe gharama za miezi mitatu, na isiguswe bila saini tatu. Pili, ada ya 2026 ilipwe kabla ya Januari 31, ili mweka hazina aingie sokoni Februari akiwa na fedha mkononi.

Mwenyekiti