Barua kwa mwanangu: usiniambie wewe si mtu wa namna hiyo

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa baba yako. Sisi hatujambo. Juzi nilikata simu ghafla kwa sababu nilihisi ulimi unaanza kunishinda, na ya hasira yakishatoka hayarudi. Kwa maandishi angalau naweza kufuta.

Nilikupa habari za binamu yako kukamatwa kwa fedha za mwajiri wake, nawe ukanijibu, "Mama, mimi si mtu wa namna hiyo." Jibu hilo limenikosesha usingizi kuliko habari yenyewe. Kwani yeye alikuwa mtu wa namna hiyo? Unamjua kuliko ninavyomjua mimi.

Miaka ile nikifundisha shule ya maadilisho, kila mgeni alikuwa akinivuta pembeni na kuuliza watoto wale wana kasoro gani. Wanaofuata nadharia ya udhibiti wa kijamii huuliza kinyume chake. Travis Hirschi, mwanasosholojia wa Marekani, katika kitabu chake cha 1969, alisema kinachohitaji kuelezwa si kwa nini mtu fulani anavunja sheria. Kuiba ni njia ya mkato ya kupata kitu ambacho kila mtu anakitaka, wala haihitaji kusomewa. Cha kueleza ni kwa nini wengi wetu hatuibi. Jibu lake ni kwamba tumefungwa: na watu tunaowapenda na kuwajali, na yale tuliyoyahangaikia tusiyotaka kuyapoteza, na shughuli zetu, na imani kwamba sheria ni ya haki. Vifungo hivyo vikilegea mtu si lazima akose, ila hana tena cha kumrudisha nyuma. Watu wa "namna hiyo" hawamo kabisa katika maelezo yake. Wamo waliofungwa na waliolegea, na mtu anaweza kuwa huku leo na kule mwakani.

Basi niambie: huko uliko, saa nne usiku, nani anajua uko wapi na uko na nani?

Si udaku wa mama. Hirschi alitumia majibu ya dodoso ya wanafunzi zaidi ya 4,000 wa Richmond, California, na swali hilo lilikuwamo: mama yako anajua uliko ukiwa nje ya nyumba, na uko na nani? Wavulana waliojibu kwamba anajua walikuwa na makosa machache kuliko wenzao. (Nasema wavulana kwa sababu wasichana nao walijaza dodoso, halafu kwenye uchambuzi akawaweka kando. Dada yako alipofika hapo alikifunga kitabu, na hajakifungua tena.) Usidhani mama zao walikuwa wamesimama nyuma yao. Kosa la kijana ni la dakika chache, hakuna mzazi wa kulinda dakika zote. Hoja ni kwamba kishawishi kinapofika, mzazi awe yumo akilini mwa mtoto. Kwa hiyo usinijibu kwamba uko mbali na siwezi kukuona. Sijaomba kukuona.

Baba yako anasema nakutisha bure, eti kijana ana masomo, ana kazi ya jioni, ana timu, atapata wapi muda wa upuuzi. Katika vifungo vyote vinne, cha shughuli ndicho dhaifu kuliko vyote. Takwimu za Hirschi mwenyewe zilimwangusha hapo: vijana wenye kazi za malipo na matembezi hawakuwa wema kuliko wengine, kilichosaidia ni muda wa kufanya kazi za shule. Ulichonacho cha kukushika ni yale matokeo yako. Nimeyaonyesha kwa watu wengi mpaka dada yako ananionea haya. Mwaka 1957 Jackson Toby, mwanasosholojia mwingine, alikwisha kuandika kwamba mtu mwenye cha kupoteza hufikiri mara mbili. Wewe unacho, tena kingi. Fikiri mara mbili.

Na sasa lile daftari la mahudhurio. Ulinisimulia ukicheka jinsi unavyomsainia rafiki yako asiyehudhuria, ukaongeza kwamba kila mtu anafanya hivyo, na rafiki hatupwi. Mimi sikucheka. Mwaka huohuo wa 1957 Gresham Sykes na David Matza walieleza namna mkosaji anavyojitengenezea udhuru mapema ili dhamiri isimsumbue: hakuna aliyeumia, wanaonilaumu ndio wabaya zaidi, nilifanya kwa ajili ya wenzangu. Binamu yako, nasikia, alisema kampuni ni kubwa na mabosi wanachota kuliko yeye. Ziweke sentensi zako karibu na zake uone kama utazitofautisha.

Sitakudanganya kwamba nadharia hii inaeleza kila kitu. Binamu yako alikuwa na mke, cheo, na heshima kwa watu, vifungo vyote vipo, na bado. Nadhani kwa wezi wa ofisini inapwaya, kwa sababu hicho cheo kinachomfunga mtu ndicho pia kinachompa ufunguo wa kasha la fedha. Na kuhusu marafiki Hirschi alikosea. Aliona kushikamana na rafiki kunamzuia kijana hata kama rafiki mwenyewe ni mkosaji. Watafiti waliomfuata walimpinga, na mimi niliyekaa na wavulana wale sikuhitaji watafiti.

Baadaye, mwaka 1990, yeye na Michael Gottfredson waliandika kwamba uwezo wa mtu kujizuia hujengwa utotoni, kufikia miaka 8 hivi uko ulivyo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hapo nilikwama siku kadhaa. Najua umri huo ulikuwa ukitoka shule unakuta mlango umefungwa, mimi niko na watoto wa wenzangu. Lakini ufunguo ulikuwa kwa jirani, na jirani alikuwa akijua uliko. Robert Sampson na John Laub nawapenda zaidi. Walichukua kumbukumbu za wavulana 1,000 wa Boston, 500 wakosaji na 500 wasio wakosaji, zilizokuwa zimesahaulika kwenye maboksi chini ya maktaba moja ya Harvard, wakaonyesha mwaka 1993 kwamba hata mtu mzima hufungwa upya, kwa ndoa nzuri au kazi anayoithamini.

Ndiyo maana lile la wewe kuhama kutoka kwa shangazi yako bila kutuambia linaniuma. Tulilisikia kwake. Sikuambii urudi, umekua. Nenda tu kwake kila wiki, na ukisafiri mwache akijua. Na huyo rafiki wa mahudhurio, nataka jina lake na mahali anapokaa.

Bomba la jikoni limeanza tena kuvuja, na fundi wa mara ya mwisho hapokei simu. Baba yako anautafuta ufunguo wa kabati la vyeti. Kama uliondoka nao usimpe mtu aulete, tuambie tubadilishe kitasa. Dada yako anaidai chaja yake.

Mama yako