Mtoto akifika 21 kadi ya baba inagoma, vyuo na mfuko mtuambie mapema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na wazazi wenzangu wa huku Mbeya, Iringa na Njombe, sisi ambao kila ikifika mwezi wa kumi tunahangaika na godoro, ndoo, nauli na ada mpaka kichwa kinauma. Naongelea bima ya afya ya huyu mtoto tunayempeleka chuo.

Kwenye nyumba za watumishi imani ni moja, kwamba mshahara unakatwa asilimia 3 kila mwezi, mwajiri anaweka 3 nyingine, kwa hiyo mtoto ana kadi ya NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na habari imeisha. Kadi ipo kweli ila kwa mtoto ina mwisho wake, zamani ilikuwa miaka 18, sasa ni 21. Hebu piga hesabu, aliyeanza la kwanza na miaka 7 anamaliza form six ana kama 20, anaingia chuoni bado yumo kwa baba, kabla mwaka wa kwanza haujaisha anatimiza 21 anatolewa, na digrii bado haijaisha, hao wa uhandisi pale MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ndo kabisa maana wao ni miaka minne. Marekani sheria yao ya 2010 inamwacha kijana kwenye bima ya mzazi mpaka atimize 26. Sisemi tuige kila kitu cha watu, ila wenzetu angalau walikumbuka kuwa mtu wa miaka 22 bado anaomba hela ya vocha nyumbani.

Jirani yangu hapa Uyole yamemkuta mwaka huu. Kijana wake anasoma Iringa, kashikwa na kidole tumbo usiku, wenzake wakambeba mpaka hospitali, kufika dirishani kadi haisomi, kaambiwa alipe keshi. Basi saa sita usiku grupu la ukoo likaanza kuchangishana, huyu elfu kumi yule elfu tano, kijana kafanyiwa upasuaji kapona, tunamshukuru Mungu, lakini mama yake mpaka leo analipa madeni ya watu na viazi vyake kauza kwa bei ya hasara.

Sasa dawa yake wala sio kubwa, ni bima ya mwanafunzi kupitia chuo, shilingi 50,400 kwa mwaka. Ukilinganisha na bili ya upasuaji hiyo ni hela ndogo jamani. Shida ni mbili. Kuna vyuo vinamlipisha hata mtoto ambaye kadi ya baba bado ina uhai, ukiuliza unajibiwa lipa tu mama, na kuna vyuo vinapokea hela mwezi wa kumi na moja halafu majina yanachelewa kwenda kwenye mfuko, mtoto anakaa mpaka mwaka mpya hana kitu mkononi zaidi ya risiti, na risiti dirishani haitibu mtu.

Kwa wakulima wenzangu tuliozoea CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, elfu 30 kwa kaya ya watu sita, ile inasaidia kuanzia zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, ukipelekwa hospitali ya kanda huko haifiki. Najua ipo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, ni nzuri, ila mtoto wa chuo mwenye miaka 22 anayekaa geto Iringa na kwao ni Tukuyu tuelezwe vizuri anahesabiwa kwenye kaya ipi.

Na kwa kuwa tunaongelea bima, ya gari nayo niiguse bila kurefusha. Wale mnaomwachia mtoto IST akatambe nayo chuoni, bima ndogo inamlipa yule aliyegongwa, gari lenu mtatengeneza wenyewe. Na anayepanda boda kila siku mwambieni akipata ajali asikubali kuyamaliza pale barabarani kwa elfu ishirini ya pole, aende polisi apate PF3, ile fomu ya matibabu, na ajali iandikwe, bila karatasi za polisi kudai bima ni kujichosha.

Ombi langu kwa vyuo, kwenye zile fomu za kujiunga ambazo zinataja mpaka idadi ya mashuka, andikeni mtoto mwenye kadi ya mzazi afanye nini na akitimiza 21 katikati ya mwaka alipe wapi, na majina mpeleke wiki ileile hela zinapoingia. Na mfuko nao, tarehe za kuzaliwa za watoto wetu wote wanazo, washindwe nini kumtumia mwanachama meseji miezi mitatu kabla kwamba mtoto wako anatoka, mbona kampuni za simu zinatutumia meseji kila siku za mikopo ambayo hata hatujaomba.

Mama wa wanachuo wawili,
Uyole, Mbeya.