Presha haimchagui mkali peke yake

Mhariri,

Makala yenu ya ukurasa wa afya, ile yenye maswali ya kujipima tabia ili ujue ugonjwa utakaokupata, imezua kazi. Kwenye grupu letu la WhatsApp la familia watu sasa wanagawiana magonjwa. Shemeji yangu, ambaye humalizia watu sentensi na kupiga honi kabla taa haijabadilika, ameshatangaziwa kuwa moyo ndio utakaomuua. Mke wake, mpole asiyejua kukataa, amepewa saratani. Mimi ni muuguzi mstaafu, nimewapima watu presha miaka mingi, na naona hapa tumepitiliza.

Habari za watu wa "aina A", yaani wenye pupa, ushindani na hasira za karibu, zilianza na madaktari wawili wa moyo wa San Francisco, Meyer Friedman na Ray Rosenman, mwaka 1959. Baadaye waliwafuatilia wanaume 3,154 wa California kwa miaka minane na nusu, na wale wa aina A waliugua moyo karibu mara mbili ya wenzao. Lakini hawakupimwa kwa fomu ya gazetini. Mtu aliketishwa akahojiwa, na kuna mahali mhoji aliuliza makusudi kwa kusuasua, akivuta maneno, ili aone kama mwenzake atamkatiza na kujibu kabla swali halijaisha. Namna mtu alivyojibu ilihesabiwa kuliko alichojibu. Sasa msomaji wenu atajipimaje hilo na kalamu yake, tena akiwa ameshajua jibu zuri ni lipi?

Halafu mambo yakageuka. Mwaka 1988 watafiti waliwarudia wale wale waliougua moyo, wakakuta wa aina A ndio waliodumu zaidi baada ya kuugua. Makala haikuligusa hilo. Wala haikusema kuwa kampuni za sigara zilitia fedha kwenye utafiti wa aina A. Unaweza kukisia kwa nini zingefurahi kusikia kuwa kinachoua watu ni pupa!

Sisemi tabia haina lake. Hasira ya chuki, ya mtu anayemdhania kila mwenzake ubaya, imeendelea kujitokeza kwenye tafiti kuliko haraka yenyewe. Mtu akighadhibika adrenalini inapanda, moyo unakwenda mbio, mishipa inabana, hata damu inaganda upesi zaidi. Isitoshe, mwenye msongo halali vizuri, anaongeza sigara, anasahau dawa. Kwa niliyoyaona kliniki, hiyo njia ya pili ndiyo inayopitisha wengi.

Ila hilo la mpole na saratani liondoeni kabisa. Msomi aliyelipigia debe sana, Hans Eysenck wa London, kazi zake zilichunguzwa na chuo cha King's College, ambacho taasisi aliyokuwa akifundisha baadaye ikawa sehemu yake, na mwaka 2019 machapisho 26 aliyoyaandika na mwenzake yakaonekana si ya kutegemewa. Na vidonda vya tumbo vimesahaulika? Wagonjwa waliambiwa waache mawazo, wanywe maziwa, mpaka Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipoonyesha kuwa chanzo cha vingi ni bakteria. Mwaka 1984 Marshall alimnywa mwenyewe, tumbo likamchafuka kweli kweli. Mwaka 2005 wakapewa Nobel. Leo mwenye bakteria huyo anatibiwa kwa antibiotiki, na bado nasikia akiambiwa, "Wewe unawaza sana."

Anayenikera hasa si shemeji. Kuna mama alikuja kliniki presha ikiwa 190 kwa 110, sauti ya chini, anaomba radhi hata kwa kukalia kiti. Alikuwa ameacha vidonge. Majirani walimwambia presha ni ya watu wakali, naye hajawahi kugombana na mtu. Tena kichwa hakimuumi, kizunguzungu hana. Nilimweleza kuwa presha mara nyingi haina dalili yoyote, akaniangalia kama anayetaniwa. Na wapo wanaume wa upande wa pili, walioambiwa "hasira zako hizo" mpaka wakaamini dawa yao ni kunyamaza nyumbani, vidonge vikabaki kwenye pakiti.

Mkiichapa tena fomu hiyo, naomba pembeni mweke namna ya kupima presha. Mtu akae ametulia dakika tano kwanza, mgongo uegemee, miguu ikanyage chini bila kukunja nne, mkono uwe usawa wa moyo, kitambaa cha mashine kifungwe kwenye ngozi na si juu ya shati, na asiongee mpaka namba zitokee. Asubiri kidogo, arudie, aandike zote mbili. Zikiwa zinafika 140 kwa 90 siku baada ya siku, azipeleke kliniki, hata kama fomu yenu imemwambia yeye ni mpole.

Muuguzi mstaafu