Salamu za Krismasi kwa mliobaki Mombasa

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Heri ya Krismasi kutoka huku Mombasa. Kaskazi inavuma, joto halina huruma, na ufuo wa Bamburi umejaa wageni wa kutoka bara.

Wao wanashuka pwani, na wengi wetu wanapanda bara kwenda kwao. Ukipita Mwembe Tayari, kwenye mabasi ya bara, wiki hii huna pa kukanyaga: magunia, magodoro yaliyokunjwa, ndoo za plastiki zilizojazwa nguo, na mtoto amevishwa viatu vipya huku akionywa asivichafue mpaka wafike Kisumu. Nauli nayo imepanda, kama kila Disemba.

Lakini salamu hizi nawaandikia hasa mliobaki, na si kwa sababu ya zamu kazini. Nawasemesha mliobaki kwa kuona haya kwenda kwenu mikono mitupu. Kazi ilikatika katikati ya mwaka, kibanda hakikusimama, na nyumbani yuko shangazi atakayekuangalia mikono kabla ya uso. Simu ikilia unajibu, "Mwaka huu tumebanwa na kazi, mama." Kazi yenyewe ndiyo haipo.

Basi msomeni tena Luka, sura ya pili. Kaisari Augusto ametoa amri watu waandikwe, na kila mmoja anakwenda mji wa asili yake. Yusufu anafika Bethlehemu, kwao kabisa, mji wa Daudi babu yake, ana mke aliye karibu kujifungua, na pa kulala hakuna. Mtu wa ukoo wa mfalme anamlaza mtoto kwenye hori la ng'ombe! Luka hataji jamaa hata mmoja aliyekuja na uji. Na habari njema ilipotoka, wa kwanza kuipata walikuwa wachungaji wa zamu ya usiku. Leo wangekuwa mabawabu wa mageti ya Nyali.

Mji wetu unalijua jambo hili la kukosa pa kupokelewa kuliko miji mingi. Vuka daraja la Nyali ufike Kengeleni. Hapo karibu ndipo wamisionari wa Kianglikana walipoanzisha Freretown mwaka 1875, makazi ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Wengi walichukuliwa wakiwa wadogo mno, hata ukiwauliza kwao hawakuweza kukuonyesha njia. Hawakuwa na shamba wala ukoo wa kuwadai chochote. Sisemi wamisionari walitenda yote sawa. Viboko navyo vilikuwepo. Lakini watu waliokuwa wakiuzwa kwa bei walisimama kanisani wakaitwa kwa majina, wakaambiwa ni wana wa Mungu, nao wakalishika neno hilo. William Jones na Ishmael Semler, waliokuwa watoto watumwa, wakakombolewa na kulelewa India, walifanywa mashemasi na Askofu Hannington mwaka 1885. Hawakungoja wapate pa kuita kwao ndipo wajihesabu watu.

Na huyu Yesu mwenyewe, alipotoka majini Yordani, sauti ilisema yeye ni Mwana mpendwa, anayempendeza Baba. Wakati huo hajaponya mgonjwa yeyote, hajahubiri mlimani. Alikuwa fundi kutoka Nazareti, basi. Ukiwa umebatizwa kwa jina lake, umeingizwa katika neno hilohilo, na hakuna aliyekudai risiti ya mwaka.

Sisi makanisani tuna kesi ya kujibu hapa. Disemba tunasoma kwa kipaza sauti majina ya waliotoa bahasha nene, tunawapigia makofi, halafu tunashangaa kwa nini kijana fulani haonekani tena ibadani. Wazee wa kanisa, mwaka huu hebu tuyaache majina hayo kwenye daftari la mweka hazina.

Nanyi mliobaki, njooni ibada ya asubuhi ya Krismasi na nguo mlizonazo. Baadaye pilau ipo kwangu, na majirani zetu Waislamu sahani zao zitatoka kwanza, kama kawaida yetu. Aliye na kiti cha plastiki aje nacho, maana vyangu havitoshi. Na kabla hujaja, mpigie mama, umwambie kazi iliisha. Amekuzaa yeye, atajua la kumjibu shangazi.

Heri ya Krismasi, na Mungu awafikishe salama walio njiani.